MAMA YUKO NJIANI, HOSPITALI HAINA HABARI



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, za mikataba na za wenzetu walioachishwa kazi. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze habari ya gari la wagonjwa na mlango wa wodi ya wazazi. Mtu atauliza: hayo yanahusu nini na chama? Yanahusu sana. Mama anayechuma chai kule Teza ni mfanyakazi. Mama anayepanda mpunga katika bonde la Imbo ni mfanyakazi. Na mwanamume anayetoka zamu ya usiku akakuta msiba nyumbani, hakuna nyongeza ya mshahara itakayomrudishia alichopoteza.

USIKU MMOJA

Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu mmoja wa kiwandani, kijana wa zamu ya usiku, aliitwa langoni saa mbili za usiku. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, naye yuko katika kituo cha afya cha vilimani, kusini ya mji wa Bujumbura. Muuguzi wa hapo alikuwa ameona kwamba kazi haiendi, akasema mama apelekwe hospitali. Mimi nilikuwa mjumbe wa wafanyakazi katika idara yetu, kwa hiyo nilimwombea ruhusa kwa msimamizi, nikafuatana naye. Tulipanda pikipiki, tukafika kituoni wakati gari la wagonjwa nalo linafika.

Sisi watu wa kiwandani tuna desturi ya kutazama saa, maana saa ndiyo msimamizi wetu wa pili. Nitawapeni hesabu ya usiku ule kama nilivyoiona.

Saa tatu na dakika kumi gari liliondoka. Nyuma alikuwamo mama, mumewe, mama mkwe na mimi. Mbele alikuwako dereva peke yake. Muuguzi hakuweza kuja nasi, kwa sababu alikuwa peke yake kituoni na wazazi wengine wawili walikuwa wakimngojea. Alimpa mama mkwe karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa. Mama mkwe, ambaye hajui kusoma Kifaransa wala Kirundi, aliikunja akaifunga katika pindo la kitenge pamoja na fedha zake. Dereva aliambiwa neno moja tu: mjamzito.

Saa nne kasoro dakika tano tulikuwa langoni mwa hospitali. Njia ilikuwa imekula dakika 45. Mlinzi alitaka kujua tumetumwa na nani na mgonjwa ana nini. Dereva hakujua la kujibu. Zilipita dakika kumi lango likafunguliwa. Ndani tulimkuta mkunga mmoja na wazazi sita. Hakuna aliyemwambia kwamba tunakuja. Akaanza maswali upya kabisa: jina nani, mimba ya ngapi, uchungu ulianza lini, maji yalivunjika saa ngapi. Yule mama alikuwa hana nguvu ya kujibu. Na majibu yote yalikuwa yameandikwa katika ile karatasi, lakini mama mkwe hakujua kwamba karatasi aliyofunga pamoja na fedha zake ndiyo ufunguo wa mlango.

Karatasi ilitoka saa nne na nusu. Mkunga aliisoma, akabadilika uso. Ilikuwa imeandikwa kwamba mama huyu alikwisha kupasuliwa katika mimba ya kwanza, na mwenye kovu la namna hiyo akikawia katika uchungu mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Hapo ndipo daktari alipopigiwa simu nyumbani kwake. Hapo ndipo mtu alipotumwa kutafuta damu. Mama aliingia chumba cha upasuaji saa sita kasorobo.

Mama alipona. Mtoto, mwanamume, alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Wenzangu, tazameni hesabu ile. Njia yenye mashimo na makorongo ilichukua dakika 45. Lango, maswali na kungojea vilichukua karibu saa mbili, nasi tumo ndani ya hospitali. Sote tulikuwa tumelalamikia barabara. Kumbe tulipotezwa zaidi baada ya barabara kwisha.

HATA KIWANDANI ZAMU HUPOKEZANA

Mtu aliyefanya kazi kwenye boila anaelewa ninachosema. Zamu ya mchana haiondoki ikaiachia zamu ya usiku mashine bila neno. Anayetoka humwambia anayeingia: kipimo hiki kimepanda tangu saa nane, vali hii inavuja, nimeongeza maji mara mbili, usiwashe mpaka fundi aje. Huandika katika daftari na kutia sahihi. Asipofanya hivyo, na boila ikapasuka, watu watakufa, na yeye ataulizwa.

Basi ikiwa chuma hupokelewa kwa maneno na kwa daftari, je, mama mwenye uchungu? Yeye hupokezwa mara tatu katika usiku mmoja: kutoka kwa muuguzi wa kituo kwenda kwa watu wa gari, kutoka kwa watu wa gari kwenda kwa mkunga, kutoka kwa mkunga kwenda kwa daktari. Kila mara habari yake inaweza kuanguka njiani kama shilingi katika mfuko uliotoboka.

Mwaka 1994 wataalamu wawili wanawake, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mzazi huuawa na uchelewaji wa namna tatu. Wa kwanza ni nyumbani, kukawia kuamua kwenda. Wa pili ni njiani, kukawia kufika. Wa tatu ni hospitalini kwenyewe, kukawia kupata matibabu baada ya kufika. Maneno hayo yamefundishwa kwa wakunga ulimwenguni kote tangu wakati ule. Mimi sikusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini niliposikia jambo hili likielezwa katika semina, niliona usiku wetu ule mbele ya macho yangu. Gari la wagonjwa ni dawa ya uchelewaji wa pili. Kama gari halisemi na hospitali, uchelewaji wa tatu unabaki pale pale ukikungojea langoni.

Na saa hazimngojei mtu. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Mwenye kifafa cha uzazi anahitaji sindano yake mara moja. Kitovu kikitangulia mbele ya mtoto, ni habari ya dakika.

KABEZI ILITUONYESHA NJIA

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Ulaya, hayawezekani kwetu. Yaliwezekana hapa hapa, Kabezi, mwendo mfupi kusini ya Bujumbura kwenye ufuko wa Tanganyika.

Mwaka 2006 shirika la Médecins Sans Frontières lilifungua Kabezi kituo cha dharura za uzazi, kilichofanya kazi usiku na mchana bila malipo. Lakini jengo na madaktari peke yake visingetosha, kwa sababu wazazi walikuwa vilimani. Kwa hiyo waliunganisha kituo hicho na wodi tisa za wazazi katika vituo vya afya vya wilaya ile. Utaratibu ulikuwa rahisi. Muuguzi wa kituo akiona hatari, anapiga simu au anaita kwa redio. Kule Kabezi kuna mtu wa kupokea. Gari linatoka, na ndani ya gari hakai dereva peke yake, bali pamoja na mkunga aliyefundishwa. Huyo mkunga anampokea mama kutoka mikononi mwa mwenzake, anamtunza njiani, na anajua atamkabidhi kwa nani.

Hesabu zao za mwaka 2011 zinafaa kusomwa na kila mjumbe wa chama. Gari liliitwa mara 1,478. Nusu ya wagonjwa walifika katika muda wa dakika 78 au chini yake, kuhesabu tangu simu ilipopigwa mpaka mama alipoingia Kabezi. Waliona pia kwamba safari nzima ikizidi saa tatu, hatari ya mtoto kufa katika siku zake za kwanza ilikaribia kuwa mara mbili. Na gharama? Utaratibu wote wa magari na mawasiliano uligharimu euro 85,586 kwa mwaka. Ukigawa kwa watu wote wa wilaya, kila mtu haifiki hata nusu ya euro moja. Shirika hilo lilikadiria kwamba vifo vya akina mama katika wilaya ile vilipungua kwa asilimia 74.

Tusidanganyane. Kazi ile ilikuwa na fedha za wageni, na wageni huja na huondoka. Lakini tuangalie ni kitu gani kilichofanya kazi. Magari hayakuwa mengi. Kwa wastani hayakufika hata mawili. Siri ilikuwa kwamba kila mtu alijua ampigie nani, nani atapokea, nani atapanda gari, na mama anafikia mikono ya nani. Hiyo ni nidhamu ya kazi, na nidhamu ya kazi hainunuliwi Ulaya.

Majirani zetu nao wamejaribu. Nchini Uganda, wilaya ya Iganga, mwaka 1996 walianza kuwapa wakunga wa jadi redio za mkononi ili waweze kusema na vituo vya afya na kuita gari. Tanzania walianza kanda ya Ziwa na mpango unaoitwa m-mama, na mwaka 2022 serikali yao ikauzindua kwa nchi nzima. Mtu hupiga namba 115 bure. Anayepokea anauliza maswali yaliyopangwa, anaita gari la wagonjwa, na kama gari hakuna anamwita dereva wa teksi aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu. Kisha anaiarifu hospitali kwamba mama anakuja. Tazameni jambo hili la mwisho: anaiarifu hospitali. Hata dereva wa teksi, akitanguliwa na simu, anafungulia mlango.

TULIPATA MATIBABU BURE, SASA TUPATE KUSIKILIZANA

Wazee wa chama wanakumbuka siku ya tarehe 1 Mei 2006. Siku hiyo ya wafanyakazi Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba mama anayezaa na mtoto aliye chini ya miaka mitano watatibiwa bure katika hospitali za serikali. Kabla ya hapo tulijua taabu yake. Kulikuwa na akina mama waliozalishwa kwa upasuaji kisha wakazuiliwa hospitalini na vichanga vyao kwa sababu ya deni. Mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch liliandika kitabu kizima juu ya wagonjwa wa Burundi waliozuiliwa namna hiyo.

Tangazo lile lilifungua milango. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba akina mama waliozalia katika vituo na hospitali walikuwa 60 katika kila 100. Uchunguzi wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha 84 katika kila 100. Na vifo vya akina mama vilikadiriwa kushuka kutoka 500 kwa kila vizazi hai 100,000 mpaka 334. Haya ni maendeleo, na anayeyakataa anawaonea waliofanya kazi.

Lakini 334 si idadi ndogo. Ni mama mmoja katika kila vizazi 300 hivi. Katika mtaa kama Buyenzi au Kinama, ni nani asiyemjua mmoja? Fedha ilikuwa ukuta wa kwanza, ukabomolewa kwa sehemu kubwa. Ukuta uliobaki ni huu wa kutosikilizana, nao hauhitaji baruti. Unahitaji simu, karatasi na desturi.

MANENO SITA YA KUSEMA KABLA GARI HALIJAONDOKA

Nimewauliza wakunga na madereva ninaowafahamu ni habari gani hospitali inapaswa kuipata mapema. Majibu yao yalikaribiana. Nayaandika hapa ili yabandikwe ukutani:

1. Mama ni nani, ana umri gani, hii ni mimba ya ngapi, na amekwisha kupasuliwa au hapana.

2. Hatari ni nini: damu, kifafa, uchungu uliokawia, mtoto aliyekaa vibaya, kitovu kilichotangulia.

3. Hali yake sasa: anasema au hasemi, presha ngapi, damu imetoka kiasi gani, moyo wa mtoto unasikika au hausikiki.

4. Amepewa dawa gani na saa ngapi.

5. Atahitaji nini akifika: upasuaji, damu, au mtu wa kumsaidia mtoto kupumua. Kundi lake la damu likijulikana, litajwe.

6. Gari linaondoka saa ngapi, litafika saa ngapi, na nani yuko ndani.

Maneno haya yote husemwa kwa dakika mbili. Anayepokea ayarudie, kama vile mtu anavyorudia hesabu ya magunia, ili ijulikane amesikia sawa. Kisha ajibu waziwazi: leteni, tuko tayari, au, hapa chumba cha upasuaji hakifanyi kazi, mpelekeni mahali fulani. Jibu la pili linauma, lakini ni bora kulisikia ukiwa kituoni kuliko kulisikia langoni saa tano za usiku. Mama asizungushwe mjini kama barua isiyo na anwani.

Na karatasi isikae katika pindo la kitenge. Ipewe mtu aliye karibu na mgonjwa, naye aambiwe kwa Kirundi au kwa Kiswahili: hii mpe mkunga mkononi kabla hujasalimia.

Yako na maneno ya kurudi. Asubuhi hospitali ipigie kituo: mama wenu amezaa, au mama wenu tumempoteza, na sababu ni hii. Muuguzi wa vilimani asiyerudishiwa habari hawezi kujifunza. Anatuma watu gizani mwaka hadi mwaka.

TUSIWATUPIE MAWE WENZETU

Baada ya usiku ule mimi nilikuwa na hasira, na nilitaka kumshitaki yule mkunga. Nashukuru nilikwenda kwanza kuzungumza naye. Alikuwa peke yake kwa wazazi sita, na huo ulikuwa usiku wake wa nne mfululizo. Simu ya wodi ilikuwa mbovu. Aliyekuwa akipigiwa simu yake mwenyewe alikuwa akilipa kwa fedha yake. Dereva naye aliniambia kwamba hununua vocha mfukoni mwake, na kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha aulize nini anapompakia mgonjwa. Nilikwenda kama mshitaki, nikarudi kama mjumbe wa chama.

Hawa ni wafanyakazi kama sisi. Nao wana zamu ndefu, mishahara midogo na vifaa vibovu. Miaka ya karibuni sisi sote wa Bujumbura tumesimama katika foleni za mafuta, na gari la wagonjwa nalo halitembei kwa maji. Kwa hiyo tunapodai, tudai pamoja nao. Simu ya wodi iwe ya wodi, na ilipiwe. Dereva apewe mafunzo na daftari. Vituo viongezewe watu ili mkunga mmoja aweze kupanda gari bila kuacha wazazi wengine peke yao. Mafuta ya gari la wagonjwa yawekwe akiba kabla ya mafuta ya magari ya wakubwa.

MATAWI YETU YAFANYE NINI

Hatuwezi kungoja yote yatoke juu. Napendekeza mambo manne ambayo kila tawi la kiwanda au la shamba linaweza kuyaanza mwezi huu.

Kwanza, mjumbe aende kituo cha afya kilicho karibu na wafanyakazi wake, aulize namba ya gari la wagonjwa na namba ya wodi ya wazazi ya hospitali inayopokea. Aipige aone kama inapokelewa. Ikipokelewa, ibandikwe langoni na mahali pa kulia chakula. Isipopokelewa saa nane za usiku, hiyo peke yake ni habari ya kupeleka kwa mganga mkuu wa wilaya.

Pili, tukubaliane na waajiri kwa maandishi kwamba mfanyakazi ambaye mkewe ameshikwa na uchungu apewe ruhusa bila kukatwa, na kwamba gari la kampuni litumike usiku ikiwa gari la wagonjwa halipo. Mashamba mengi yana lori. Lori linalobeba chai linaweza kubeba mama.

Tatu, kila mama mjamzito katika familia zetu awe na karatasi yake kliniki tangu mwanzo, na watu wawili wa nyumbani wajue iko wapi na inasema nini. Sisi wanaume tuache kusema hayo ni mambo ya wanawake. Siku ya hatari sisi ndio tunaobeba machela.

Nne, tukipata msiba wa namna hii, tuandike saa. Saa ya kuita, saa ya gari kufika, saa ya kuingia hospitali, saa ya kuhudumiwa. Malalamiko bila saa ni kilio tu. Malalamiko yenye saa ni hoja, na mkubwa hana njia ya kuikwepa.

Yule kijana wa zamu ya usiku bado tunafanya naye kazi. Mkewe alishika mimba tena. Safari hiyo tulipiga simu siku tatu kabla, tukampeleka mjini kwa shangazi yake, karibu na hospitali, na mkunga alikuwa na habari yake yote. Alipasuliwa mchana, saa nane, watu wakiwa tayari. Ni mtoto wa kike, na sasa anakimbia. Hakuna kilichoongezeka hapo ila maneno machache yaliyosemwa mapema kwa mtu aliyetakiwa kuyasikia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Muuguzi wa vilimani, dereva, mkunga wa hospitali na sisi wa kiwandani, tukishikana, mama atafika, na atakapofika atakuta mlango uko wazi.

Umoja ni nguvu.